Karisa Baya wa Ganze Si Karisa Baya wa Kaloleni

Wapendwa, Bwana asifiwe! Na nyinyi wa viti vya nyuma mlioinamia simu, asifiwe kwenu pia! Zifunikeni kidogo, maana ushuhuda wangu ni juu ya simu hizo hizo, na nimekuja hapa mbele nikiwa bado nimeudhika. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa upole. Baba mchungaji, upole utakuja mwishoni, kama utakuja.

Mimi ni Sidi. Wengi wenu mnanijua kwa ile tovuti yangu ya matangazo ya misiba. Niliianzisha baada ya baba yangu kuzikwa, kwa sababu habari ya kifo chake ilipita katika midomo mingi mno, na kuna jamaa zetu waliofika hangani, kwenye matanga, wakakuta watu wanakunja mikeka. Nikasema, haya hayatajirudia. Nikawa napokea habari za misiba ya watu wetu, kutoka Malindi hadi Junju, nikiziandika vizuri mahali pamoja, mtu akifungua simu anapata.

Na nilikuwa naziandika kama wazee wetu wanavyotangaza. Ndugu zangu, sisi hatumtangazi marehemu kwa jina tupu! Unasema ni nani, wa nani, mama yake ametoka kwa kina nani, lakabu yake ni ipi, na mji wake uko upande gani wa barabara. Ni lazima, kwa sababu ya majina yetu. Mgiriama akipata mtoto wa kiume wa kwanza, humpa jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo Karisa Baya anamzaa Baya Karisa, naye Baya Karisa anamzaa Karisa Baya, na kila ndugu katika ukoo anafanya vivyo hivyo kwake. Simama sokoni Ganze uite "Karisa Baya!" uone vichwa vitakavyogeuka. Bila lakabu, bila jina la mama, umewaita wote na hujamwita yeyote.

Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Nilinyonya nayo. Halafu nikaenda semina.

Oh, ndugu zangu! Ilikuwa semina ya wenye tovuti, hapa hapa Malindi, katika ukumbi wenye kipoza hewa kikali hata tukajitanda leso. Mtaalamu alikuwa bwana mmoja nadhifu, ana maneno laini. Akaifungua tovuti yangu mbele ya watu wote, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya mapafu. "Mama," akaniambia, "wewe huonekani." Akaeleza kwamba mtu anapoandika neno kwenye ule mtambo wa kutafutia, majibu huja yamepangwa, na asiyekuwa ukurasa wa kwanza ni kama hayupo duniani. Nami nilikuwa mbali huko nyuma, ukurasa ambao hata shetani hajafika.

Akanipa amri zake. Ya kwanza, nichague maneno yanayotafutwa sana na kuyarudia, tena na tena. Ya pili, niandike marefu, mtambo unapenda marefu. Ya tatu, niziondoe lakabu, kwani hakuna anayetafuta lakabu. Ya nne, niondoe tarehe, ili makala isizeeke. Tangazo la mazishi lisizeeke! Mtu yuko kaburini anaoza, lakini tangazo lake libaki kijana! Na ya tano, sikilizeni hii: jina likijirudia, nisifungue ukurasa mpya, niandike juu ya ule wa zamani, kwa sababu ule wa zamani umeshapata nguvu mbele ya mtambo.

Nikatii. Wapendwa, maandiko matakatifu sijawahi kuyatii haraka namna ile. Nikawa naandika hivi: "Je, unatafuta mazishi Kaloleni? Mazishi Kaloleni ni mazishi yanayofanyika Kaloleni. Katika makala hii utajua yote kuhusu mazishi Kaloleni." Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu! Mfiwa anataka kujua ashuke wapi, mimi namweleza maana ya mazishi. Jina la marehemu lilikuja chini kabisa, baada ya matangazo ya mabati na dawa za meno.

Tena nilileta ombi hapa madhabahuni. Msijifanye mmesahau. Nilisema niombeeni nifike ukurasa wa kwanza, na mkanyosha mikono, mkaniombea kwa lugha zote. Nikafika! Nikashuhudia, mkapiga vigelegele. Tangu siku ile roho yangu iliingia utumwani. Nikiambiwa fulani amefariki, kabla sijasema pole, nilikuwa nikijiuliza kama jina lake linatafutwa. Kwaya ikiimba, mimi nilikuwa nachungulia kwenye pochi kuona nimepanda au nimeshuka. Watu wakinilalamikia kwamba habari haipatikani, niliwajibu kwa kiburi, "Shukeni chini, ipo!"

Sasa ndipo akafariki baba mkubwa.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, Karisa Baya wa Ganze, ambaye kila mtu alimwita Karisa Kofia kwa sababu kofia yake hakuivua hata mbele ya askofu. Katika watoto wa babu yetu alibaki yeye na dada yake mmoja tu, shangazi Kadzo, anayeishi Junju kwa binti yake Mbodze. Na katika nyumba yetu, dada wa marehemu ndiye anayetia konzi ya kwanza ya mchanga kaburini. Akiwa hai, hakuna mwingine anayegusa mchanga kabla yake. Shangazi aliwatia mchanga kaka zake wote waliotangulia, baba yangu akiwemo. Huyu alikuwa wa mwisho.

Mjue pia kwamba baba mkubwa alikuwa na miji miwili. Mke mkubwa yuko Ganze, kwenye shamba la wazee. Lakini uzeeni akaoa mke wa pili huko Kaloleni, na shangazi alikasirika akaapa kwamba Kaloleni hatakanyaga. Kweli hakukanyaga. Hata nyumba ya wifi yake huyo hakuijua mlango wake unatazama wapi. Basi mzee alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kikao ili kuamua alazwe mji gani. Shangazi hakuwepo kikaoni, magoti yake siku hizi hayamtii. Ikaamuliwa Ganze, Jumamosi alasiri.

Mimi nilikuwa nimeshatangulia Ganze, tunahangaika na maji. Mnajua Ganze na maji. Nilikuwa natafuta mitungi, nasimamia sufuria, na simu iko mkononi. Mzee Ngumbao, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akaniuliza, "Sidi, dada wa marehemu umempa habari?"

Nikamjibu, "Usiwe na shaka, baba. Nimemwandikia Mbodze aliandike jina la mzee kwenye simu, kila kitu atakiona."

Ndugu zangu, mngenipiga kofi! Ganze ni neno fupi. Ningeliandika kwenye ule ujumbe, nisingekuwa nimesimama hapa leo. Lakini nilitaka aingie kwenye tovuti yangu, nihesabiwe mgeni mmoja zaidi. Shangazi yangu mwenyewe nilimfanya mteja.

Na kumbe nilikuwa nimefanya nini? Nilikuwa nimeitii amri ya tano. Miaka ya nyuma alifariki Karisa Baya mwingine, mtu wa Kaloleni, hatuna udugu naye wowote, jina tu. Ukurasa wake ulikuwa na nguvu. Nami nikafuta maneno yake, nikaandika ya baba mkubwa juu yake, kama mtu anayemzika mtu juu ya mtu. Ukiufungua ule ukurasa na kuvumilia kushuka hadi chini, ungeona Ganze. Lakini mtambo wa kutafutia haukuwa umerudi kuusoma upya! Ile mistari miwili inayotangulia kuonekana kabla hujafungua ilikuwa bado ya zamani: Karisa Baya, mazishi nyumbani kwake Kaloleni, nyuma ya kanisa la misheni, Jumamosi saa nane mchana. Tarehe hakuna. Lakabu hakuna. Jina la mama hakuna. Nilikuwa nimeyafagia yote mimi mwenyewe.

Mbodze alikuwa amebakiwa na bando kidogo. Ukurasa ukamgomea kufunguka, akasoma ile mistari miwili, akamwambia mama yake, "Wameamua Kaloleni." Na shangazi, ndugu zangu, shangazi mwenye kiapo chake, akasema, "Basi nipe leso yangu. Kaka akilazwa kwa adui yangu, nitaenda kwa adui yangu." Wakaondoka asubuhi.

Jumamosi mchana maiti imeshawasili Ganze, maombi yamesomwa, kwaya imeimba nyimbo zote inazozijua na imeanza kuzirudia. Shangazi haonekani. Napiga simu, haipatikani. Kila mtu ananitazama mimi. Mzee Ngumbao ananitazama mimi. Mchungaji mgeni anatazama saa yake, halafu ananitazama mimi.

Ndipo simu ikalia. Namba ya Mbodze, lakini sauti ya mwanamume.

"Wewe ndiwe Sidi mwenye tovuti?"

"Ndimi."

"Naitwa Baya Karisa, wa Kaloleni. Mama, una ugomvi gani na baba yangu? Nilimzika zamani, nikamaliza hanga, nikamshukuru Mungu. Lakini watu hawaachi kunipa pole! Kila mara mtu ananipigia ananiambia ameona kwenye simu baba yangu anazikwa Jumamosi. Jumamosi ipi? Na leo sasa nimeletewa dada yake!"

Nikaketi chini kwenye mchanga. Akanieleza. Shangazi aliingia kwenye ua wake akilia kwa sauti, mikono kichwani, kama inavyompasa dada kuingia msibani. Akamkuta yeye mwenyewe anafua nazi. Wakatazamana. Shangazi akamuuliza, "Mbona hamlii?" Naye akauliza, "Tumlilie nani, mama?" Alipoelewa kwamba amekuja mahali sipo, akakaa kwenye makumbi ya nazi.

Wakati nasikiliza, nilichukua simu ya mtu aliyekuwa kando yangu, nikaliandika jina la baba mkubwa. Nilikuwa wa kwanza! Juu kabisa! Hakuna aliyenizidi katika dunia nzima, na nilikuwa nimesema uongo.

Wapendwa, nililia hadharani. Nikamwambia yule bwana, "Ndugu yangu, nisamehe. Mwambie shangazi anisamehe. Hatawahi mazishi."

Kisha akasema jambo ambalo hata sasa likinijia nasimama palepale nilipo. Akasema, "Sikiliza. Baba yangu hakuwa na dada. Alizikwa na sisi watoto tu. Leo nyumba hii imeingiwa na dada wa somo yake, mtu wa jina moja naye, akimlilia kwa jina lake, na mimi nimrudishe kwa miguu? Gari langu ni la nazi, lakini linakwenda. Waambie wasifunike kaburi."

Asifiwe Bwana! Nani alimwelekeza shangazi kwenye ua ule, katika nyua zote za Kaloleni? Uongo wangu ulimpeleka, ndiyo, lakini aliyemweka mtu mwema mwisho wa uongo wangu ni nani? Mimi sikumwomba. Mimi nilikuwa nimeomba ukurasa wa kwanza.

Basi ikanibidi nisimame niwaeleze watu. Sikutafuta maneno mazuri. Nikasema dada wa marehemu ametumwa Kaloleni na mimi, na yuko njiani. Kukawa na manung'uniko, na wengine hawakunung'unika, walinitukana wazi, na haki yao. Mchungaji mgeni akasema jua linakwenda, ana ibada nyingine. Mzee Ngumbao akainuka polepole, akajiegemeza kwenye fimbo, akasema, "Kaburi si duka, halina saa ya kufunga. Anayetaka kwenda aende. Karisa hana haraka."

Tukangoja. Ndugu zangu, mnaijua ile njia ya bara, vumbi na makorongo. Sikuthubutu kuomba jua lisimame kama la Yoshua. Niliomba tairi zisipasuke. Niliomba gari lisiishiwe mafuta. Sijawahi kuomba vitu vidogo kwa moyo mkubwa namna ile. Na simu sikuitazama. Ililia ndani ya pochi, ikanyamaza, ikalia tena, sikuitazama.

Jua lilikuwa limeshuka lakini halijazama tulipoliona vumbi. Gari likaingia likiwa na nazi nyuma, Mbodze amekaa juu ya nazi, shangazi mbele, leso yote imegeuka rangi ya udongo. Wanaume wakaenda kumteremsha. Akanipita. Hakunisalimu, hakunitazama, na shikamoo yangu ilibaki hewani. Akaenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa kaburi, akapiga magoti yale yasiyomtii, akachota mchanga.

Akasema, "Kaka, nimechelewa. Nilipita kwa somo yako, nikamlilia naye, maana hakuwa na dada."

Akaumwaga mchanga. Watu walilia upya, hata wale waliokuwa wameshakauka machozi. Baya Karisa wa Kaloleni alivua kofia akatia mchanga wake nyuma yake, na hakuna aliyemuuliza wewe ni wa ukoo gani.

Ndugu zangu, pale ndipo nilipofunguliwa. Si kwa kuanguka, si kwa kutetemeka. Niliona tu ni nani anayeandika lile jina kwenye simu. Ni bibi mwenye magoti mabaya, ni binti mwenye bando linaloisha, wana safari moja na nafasi moja. Mtaalamu hakuniambia habari zao hata mara moja. Aliniambia habari za mtambo. Unapenda hiki, haupendi kile. Mtambo haujafiwa!

Niliporudi Malindi niliibomoa ile kazi yote. Kila marehemu sasa ana ukurasa wake. Karisa Baya wa Kaloleni nimemrudishia wake, mwanawe alinisomea maneno nami nikaandika. Tarehe zimerudi. Lakabu zimerudi, majina ya mama yamerudi. Mstari wa kwanza kabisa unasema ni nani, wa nani, anazikwa wapi na lini, ili hata ukurasa ukigoma kufunguka, zile herufi chache zinazotangulia ziwe zimesema kweli. Na mtu wa karibu ninampigia simu kwa mdomo wangu.

Yule mtaalamu alinipigia. "Mama, umeshuka sana." Nikamwuliza, "Nimeshuka kwa nani?" Akaanza kunieleza habari za mtambo, nikamkatia simu, Mungu anisamehe, na kama hatanisamehe hilo tutaongea. Lakini niwaambie, ninyi wenye tovuti za vyakula, za nyumba za wageni, za mitishamba, nyinyi mnaoandika "mahali pazuri Malindi ni mahali pazuri palipo Malindi": ukiandika leo "Karisa Kofia Ganze" kwenye simu yako, anakuja yeye, peke yake, juu kabisa. Ile lakabu ambayo eti hakuna anayeitafuta! Wanaomtafuta kwa lakabu ndio waliompenda.

Shangazi yupo hapa leo, pale kando ya dirisha. Hakuzungumza nami kwa muda mrefu. Siku moja akaniita Junju, akaniketisha, akasema, "Fungua hicho kidude chako uandike. Kadzo wa Baya, mama yake ni Nyevu, aliyeitwa Kadzo Pilipili. Mji wake Junju, chini ya barabara, shukia kwenye kinu cha mahindi. Mahali pa tarehe acha wazi." Nikaandika. Akasema, "Kaka zangu wamekwisha, na dada sina. Andika kwamba konzi ya kwanza ya mchanga atatia Sidi. Na usichelewe." Hivyo ndivyo nilivyojua nimesamehewa.

Namshukuru Mungu kwa shangazi aliyefika. Namshukuru kwa Baya Karisa, ambaye sasa shangazi anamwita mwanangu. Nawashukuru nanyi mlioniombea, ingawa mara nyingine mtu akileta ombi la kipuuzi, tafadhalini, mwulizeni kwanza.

Na wewe uliyeketi hapo ukidhani umepotea katika majina mengi, kwamba unaomba na majibu yanakwenda kwa mwingine, nakusihi umwamini huyu Mungu. Yeye hakutafuti kwa jina tupu. Anakujua wewe ni wa nani, mama yako ametoka wapi, na watu wanakuitaje wanapokupenda. Mwite hapo hapo ulipo, hata kama ni kwenye ua wa watu usiowajua. Atatuma gari. Litakuwa la nazi, litakuwa na vumbi, litachelewa mpaka ukasirike. Panda.